Katharine Hepburn kwenye usukani: uhakiki wa diski ya The African Queen

Miongoni mwa filamu za Hollywood ya zamani zilizopigwa katika nchi zetu, hakuna ninayoithamini kama The African Queen ya mwaka 1951, na anayenifanya niithamini hivyo ni Katharine Hepburn. Wengi huitaja kwa jina la Humphrey Bogart, kwa kuwa ndiyo iliyompatia tuzo pekee ya Oscar aliyowahi kuipata, na wapenzi wa waongozaji humsifu John Huston. Wote wawili wanastahili sifa zao, lakini filamu yenyewe imebebwa na yule mwanamke wa makamo mwenye kola iliyofungwa mpaka kooni, anayeianza hadithi akiwa amekaa kwenye kinanda cha kanisa, na ambaye kabla haijaisha ameshashika usukani wa mashua ya mvuke, ameivusha kwenye maporomoko na kuielekeza kwenye meli ya kivita aliyoazimia kuizamisha.

Toleo ninalolihakiki ni lile lililotolewa na Paramount nchini Marekani mwezi Machi 2010, kwa DVD na kwa Blu-ray, baada ya filamu kurekebishwa upya kutoka kwenye negativu zake za asili. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mtu wa Marekani hakuweza kupata DVD rasmi ya filamu hii, na nakala zilizokuwa zikizunguka duniani zilikuwa na rangi zilizopauka kiasi cha kumnyima mtazamaji nusu ya kazi ya Hepburn. Nitalipima toleo hili kwanza kwa jinsi linavyomtendea haki yeye, kisha nitamweka kando ya wenzake watatu ambao Hollywood iliwaleta Afrika Mashariki katika miaka hiyohiyo: Deborah Kerr, Ava Gardner na Grace Kelly.

Hadithi inaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rose Sayer anaishi na kaka yake Samuel, mmisionari wa Kimethodisti, katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kungdu. Vita vinapofika, askari wa Kijerumani wanachoma nyumba na kuwachukua wanakijiji kwa nguvu. Samuel anapigwa, akili inamruka, na haukawii muda anafariki. Charlie Allnut, fundi anayepeleka barua na mizigo kwa mashua yake kuukuu, anamchukua Rose akidhani watajificha mahali penye utulivu mpaka vita vipite. Rose ana wazo jingine kabisa. Akishaambiwa kwamba ndani ya mashua mna baruti na mitungi ya oksijeni, anauliza maswali machache ya kiufundi kwa adabu zote, kisha anatangaza kwamba watateremka mto wote, mtungi na baruti vitageuzwa kuwa topido, na meli ya Wajerumani inayotawala ziwa itazamishwa.

Msomaji wa Morogoro atashangaa kuuona mto uitwao Ulanga ukimwaga maji yake ziwani, ilhali Ulanga tunaoufahamu unakwenda kuungana na Rufiji. C. S. Forester, aliyeandika riwaya ya asili mwaka 1935, aliipanga ramani kwa kufuata mahitaji ya hadithi yake. Hata hivyo Louisa, meli ya Wajerumani ambayo Rose anataka kuizamisha, ina nasaba ya kweli katika vita vya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipandevipande mpaka Dar es Salaam na kufikishwa Kigoma kwa reli. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikawa inaitwa Liemba, jina ambalo mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa.

Sasa nije kwa Hepburn mwenyewe. Ustadi wake katika nafasi hii umo katika kipimo anachokitumia kumbadilisha Rose. Mwanzoni, katika tukio la chai, tumbo la Charlie linanguruma mezani bila kukoma, na Rose na kaka yake wanaendelea kumiminiana chai na kuzungumza habari za nyumbani kana kwamba hawasikii kitu. Hepburn hafanyi kichekesho hapo. Anakaa wima, anashika kikombe kama alivyofundishwa tangu utotoni, na macho yake tu ndiyo yanayotuambia kwamba anasikia kila kitu na kwamba malezi yake hayamruhusu kukiri. Mwigizaji asiye na subira angetaka kutuonyesha mapema kwamba ndani ya mwanamke huyu mna moto. Hepburn anauficha, na kwa kuwa ameuficha vizuri, tunausubiri.

Unatoka mara ya kwanza wanapovuka maji ya kasi. Charlie ameyapitisha kwa makusudi akiamini kwamba hofu itamfanya mwanamke huyu aachane na mpango wake. Maji yanapotulia, Rose amelowa, nywele zimefunguka, anahema, na kwa sauti ileile ya adabu ya mezani anasema kwamba hakuwahi kuota kuwa jambo la kimwili tu linaweza kumsisimua mtu kiasi hicho. Kwa miaka yote aliyoishi, msisimko aliouruhusu ulikuwa ule wa mahubiri mazuri. Uso wa Hepburn katika sekunde hizo una mshangao wa mtu aliyegundua kwamba mwili wake ni wake, na sauti bado haijapata habari. Ni uigizaji wa hali ya juu sana, na unafanyika bila kamera kumkaribia kwa mbwembwe.

Tukio la pili ambalo kila mpenzi wa filamu hii hulitaja ni lile la chupa za jini ya Gordon's. Charlie amelewa usiku na kukataa kuendelea na safari. Anaamka asubuhi kichwa kinamuuma, anamkuta Rose ameketi, anafungua chupa moja baada ya nyingine na kuimwaga pombe yote mtoni. Kisha unafuata ukimya mrefu. Charlie anadhani ananuniwa kwa sababu ya ulevi, na Rose anapomwambia kwamba ulevi haukuwa neno, kwamba kosa lake ni kuvunja ahadi ya kuteremka mto, tunaelewa kwamba mtu tuliyemdhania mlokole wa kuhubiri maadili ni jemadari. Hepburn anaisema ile kauli kwa ubaridi wa mtu anayerekebisha hesabu iliyokosewa, na ndiyo maana inakata.

Siri ya uigizaji huu Hepburn aliieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu safari ya Afrika. Anasimulia kwamba baada ya siku za kwanza za kupiga picha Huston alimfuata kumweleza kwamba Rose wake alikuwa na sura ya huzuni na ukavu mno, akamkumbusha namna Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alivyokuwa akiwatembelea wanajeshi waliojeruhiwa hospitalini huku amevaa tabasamu la kujilazimisha. Hepburn aliuona huo kuwa mwongozo bora kuliko wote aliowahi kupewa. Ukilijua jambo hilo utaliona kila mahali katika filamu: Rose anatabasamu pale ambapo mambo yameharibika zaidi, na tabasamu hilo halina uhusiano wowote na furaha, bali ni nidhamu, ni namna ya kuwazuia wengine wasikate tamaa.

Lakini kinachomtofautisha Rose na mashujaa wengi wa kike wa Hollywood ya wakati ule ni kwamba anafanya kazi, na kazi yenyewe inaonekana. Shafti ya mashua inapopinda na rafadha kuvunjika, Charlie anasema safari imekwisha. Rose ndiye anayeuliza kwa nini wasiichomelee wenyewe ufukweni, na anaingia majini pamoja naye kuifungua na kuirudisha. Anasukuma, anavuta, anakwangua matope, anamwondoa mwenzake ruba mwilini. Mapenzi yao yanakua humohumo kazini, na hilo nalipenda kuliko busu lolote. Asubuhi ya kwanza baada ya kupendana anampelekea chai, anamwita mpenzi, kisha ndipo anapomwuliza jina lake la kwanza. Na mwishoni, wanapokamatwa na kupandishwa Louisa, ambapo Charlie anajaribu kudanganya kwamba walikuwa wakivua samaki, Rose anainua kidevu na kumweleza nahodha ukweli wote, topido na kila kitu, kwa fahari isiyojali kamba ya kunyongea iliyo mbele yake.

Alikuwa na miaka 44 wakati huo. Ni jambo la kukumbuka, kwa sababu Hollywood ilikuwa na desturi, na bado inayo, ya kuwaondoa wanawake wa umri huo katikati ya picha na kuwapa nafasi za mama au shangazi. Hepburn mwenyewe alikuwa ameshahesabiwa kuwa amekwisha miaka mingi kabla, pale wenye majumba ya sinema walipomweka mwaka 1938 katika orodha ya waigizaji waliowaita sumu ya mapato. Alijikomboa kutoka mkataba wake na kampuni ya filamu ya RKO, akarudi jukwaani New York mwaka 1939 na mchezo wa The Philadelphia Story, akashikilia haki za kuugeuza kuwa filamu, na mwaka uliofuata akarudi Hollywood kwa masharti yake. Mwanamke aliyejiongoza hivyo katika maisha hakuhitaji kufundishwa namna ya kumwigiza Rose Sayer akishika kana ya mashua.

Hapa ndipo diski ya mwaka 2010 inapostahili pesa ya mnunuzi. Filamu ilipigwa kwa kamera ya Technicolor ya mikanda mitatu, mtambo mkubwa na mzito ambao ulikuwa ukiugawa mwanga na kuuandika kwenye negativu tatu nyeusi na nyeupe, moja kwa nyekundu, moja kwa kijani, moja kwa buluu. Kadiri miaka inavyopita, mikanda hiyo hujikunja kila mmoja kwa kiasi chake, kwa hiyo picha tatu zikiunganishwa hazikai sawasawa, na kando ya kila umbo hutokea kivuli cha rangi kinachochosha macho. Mafundi walizisoma negativu zote tatu kwa ubora wa 4K na kuzipanganisha upya kwa kompyuta. Matokeo yake yanaonekana zaidi usoni mwa Hepburn: madoadoa yake ya ngozi, jasho juu ya mdomo, wekundu unaompanda shavuni baada ya maporomoko, vyote vimerudi. Jack Cardiff, mpigapicha wa filamu hii, ambaye alikuwa ameshapata Oscar kwa Black Narcissus ya mwaka 1947, hakumpaka Hepburn ule ukungu wa lenzi uliotumika kuwaficha umri waigizaji wa kike. Alimwachia jua limpige, na sasa tunaliona jua hilo.

Ubora huo una gharama yake ndogo. Si matukio yote yaliyopigwa Afrika. Mengine, hasa ya wahusika kuwa ndani ya maji, yalipigwa katika studio za Isleworth, London, na katika baadhi ya matukio ya maporomoko waigizaji wamebandikwa juu ya picha ya mto iliyopigwa pembeni, au mashua ni ya mfano. Katika nakala za zamani zilizofifia mishono hiyo haikuonekana sana. Hapa inaonekana wazi, na mtazamaji mchanga aliyezoea filamu za kompyuta huenda akacheka. Mimi hainisumbui, kwa sababu hata pale ambapo mto ni wa kubandika, mikono ya Hepburn inaushika usukani kwa nguvu za kweli. Picha iko katika umbo lake la asili lililo karibu na mraba, kwa hiyo runinga pana itabaki na giza pande mbili, na kosa kubwa ni kuinyoosha ijaze kioo. Sauti ni ya mkondo mmoja, safi kwa mazungumzo, nyembamba kwa muziki. Manukuu ya Kiswahili hayamo, na kwa filamu ambayo hadithi yake yote iko katika ardhi ya Tanganyika, naliona hilo kuwa pengo ambalo Paramount ingepaswa kuliziba.

Diski ya kawaida ina nyongeza moja tu, lakini ni nzuri: makala ya karibu saa nzima kuhusu utengenezaji wa filamu. Inaeleza jinsi Huston alivyong'ang'ania kupiga picha Afrika kwenyewe, kwanza kwenye mto Ruiki katika Kongo ya Wabelgiji, si mbali na mji ambao leo unaitwa Ubundu, kisha Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba katika Ziwa Albert. Mashua yenyewe haikuwa ya karatasi. Ilikuwa imeundwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi ya uchukuzi katika maji hayohayo ya Uganda kabla ya kuwa nyota wa sinema. Ilizama ikiwa kambini na ikabidi iinuliwe. Watu waliugua mmoja baada ya mwingine. Hepburn, aliyekuwa akinywa maji kwa msimamo huku Huston na Bogart wakishikamana na wiski yao, ndiye aliyepatwa na kuhara damu, na Lauren Bacall, mke wa Bogart, ambaye naye alikuwa nyota mkubwa kwa haki yake mwenyewe, akageuka muuguzi wa kambi. Unapojua kwamba mwanamke unayemwona akivuta kamba na kupiga kelele za furaha alikuwa akipungua uzito kwa ugonjwa, wembamba wa shingo yake juu ya ile kola unapata maana nyingine.

Lipo jambo ambalo haliwezi kupita bila kusemwa. Wanakijiji wa Kungdu tunawaona wakiimba kanisani, tunaona nyumba zao zikiungua, kisha filamu inawasahau kabisa. Hakuna hata mmoja anayepewa jina tutakalolikumbuka wala hatima tutakayoijua, ilhali vita vile, kwa watu wa Tanganyika waliobebeshwa mizigo na kunyang'anywa chakula, vilikuwa janga kubwa kuliko msiba wowote wa Rose. Hasira ya Rose ni kwa ajili ya kaka yake na kwa ajili ya Uingereza. Nampenda Hepburn kwa moyo wote katika nafasi hii, na kwa sababu hiyohiyo najiuliza angefika wapi kama waandishi wangempa hata tukio moja la kuwalilia majirani aliokaa nao.

Deborah Kerr alitangulia kufika. King Solomon's Mines ya MGM, iliyotoka mwaka 1950, ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, na ikapata Oscar mbili, ya upigaji picha wa rangi aliyoichukua Robert Surtees na ya uhariri. Kerr ni Elizabeth Curtis, anayemlipa mwindaji Allan Quatermain, yaani Stewart Granger, pauni 5,000 ili amtafutie mumewe aliyepotea. Ni mwigizaji mwenye akili sana, na katika matukio ya mwanzo anamjibu Granger kwa ukali unaoahidi makubwa. Tatizo ni kwamba filamu haimwamini. Mfano wake ni lile tukio la nywele: Elizabeth anachoka na joto, anachukua mkasi na kuzikata nywele zake ndefu yeye mwenyewe, kisha anaziosha, tukio linalofuata tunamwona ana nywele fupi zilizopangwa mawimbi kama aliyetoka saluni. Kerr alikuwa tayari kuonekana amechakaa, na studio ikamkatalia. Linganisha na Hepburn, ambaye nywele zake zinazidi kuharibika kadiri mto unavyoendelea, na hakuna mtu anayezirekebisha kabla ya kamera kuwashwa. Kwa upande mmoja, hata hivyo, filamu ya Kerr imeizidi ile ya Huston: ndani yake mna Umbopa, aliyeigizwa na Siriaque, mtu mwenye jina, makusudi na hadhi. Kerr aliteuliwa kuwania Oscar mara sita maishani bila kushinda hata moja, mpaka akapewa ya heshima mwaka 1994.

Ava Gardner namweka nafasi ya pili baada ya Hepburn, na si mbali. Katika Mogambo ya mwaka 1953, iliyoongozwa na John Ford na kupigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wafaransa, yeye ni Eloise Kelly, msichana wa mjini anayefika kambi ya mkamata wanyama, Clark Gable, akimfuata tajiri ambaye ameshaondoka. Filamu yenyewe ni marudio ya Red Dust ya mwaka 1932, ambamo Gable huyohuyo alicheza na Jean Harlow, na inaonyesha uzee wake: mwanamume katikati, wanawake wawili pembeni wakimgombea. Gardner anaivunja fremu hiyo kwa ucheshi. Alitoka familia ya wakulima maskini wa North Carolina, na studio ilitumia fedha na walimu kumfuta lafudhi ya kwao. Katika nafasi hii nasikia ile sauti ya shambani ikirudi, nzito kidogo, ya kirafiki, isiyojifanya. Anazungumza na ndovu mdogo kama anavyozungumza na watu, na ndovu huyo anapomwangusha kwenye matope, hasira yake inakuwa ya kweli na ya kuchekesha kwa pamoja. Kisha, karibu na mwisho, mke wa mtu anapompiga Gable risasi ya mkono kwa wivu, Eloise anatunga uongo papo hapo ili kuilinda ndoa ya mwanamke ambaye ana kila sababu ya kumchukia. Gardner anautunga huku uso umekauka, bila kutuomba tumsifu. Uteuzi pekee wa Oscar alioupata maishani ulitokana na kazi hii, na mwaka huo aliwania pamoja na Kerr, aliyekuwa ameteuliwa kwa From Here to Eternity. Wote wawili walishindwa na Audrey Hepburn, ambaye hana undugu na Katharine.

Mke huyo mwenye bastola ni Grace Kelly. Alikuwa bado hajawa nyota. Aliwahi kusema kwamba alikubali kwa ajili ya Ford, Gable na safari ya Afrika aliyolipiwa, na kwamba kama filamu ingepigwa Arizona asingeicheza. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi na akashinda Golden Globe, lakini mimi namwona bado amefungwa. Anatetemeka vizuri, analia vizuri, na tukio linapomtaka atawale, Gardner analichukua bila hata kuongeza sauti. Ubora wake mkubwa ulikuja baadaye, mbali na Afrika. Katika Mogambo, Hispania ya dikteta Franco ndiyo iliyomtendea vibaya zaidi: wadhibiti wa filamu, ili kuficha uzinzi, waliyabadilisha mazungumzo katika tafsiri ili yeye na mumewe wawe ndugu, wasijali kwamba watazamaji wangewaona ndugu hao wakilala chumba kimoja.

Kuhusu The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952, yenye Gardner tena pamoja na Susan Hayward, sitakawia. Jina lake limewavutia wengi wa huku, lakini nyota wake walibaki studio na mandhari ya Kenya yakaongezwa kutoka picha zilizopigwa na kikosi kingine. Hayward anafanya kazi ngumu ya kumuuguza mume anayeoza mguu na kumtukana, na anaifanya kwa heshima. Mlima na jua havimgusi, kwa sababu hakuwepo.

Mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, iliwapanga nyota 25 wa kike wa Hollywood ya zamani, ikamweka Katharine Hepburn wa kwanza, Grace Kelly wa 13, Bacall wa 20 na Gardner wa 25. Kerr hakuwemo. Nafasi ya kwanza naikubali bila ubishi, kwa kuwa mwanamke aliyeshinda Oscar nne za mwigizaji mkuu hana mshindani; kwa Gardner na Kerr naona wapangaji walitazama umaarufu kuliko kazi. Na ajabu ni kwamba Rose Sayer si miongoni mwa hizo nne. Mwaka ule tuzo ilikwenda kwa Vivien Leigh, kwa A Streetcar Named Desire, na siwezi kumnyima haki Leigh, ingawa bado namuonea uchungu Hepburn.

Kwa anayetaka kununua, diski ya kawaida inatosha: ina filamu yote katika hali bora niliyopata kuiona, na ile makala. Kisanduku cha kumbukumbu kina pia nakala ya kitabu cha Hepburn na CD ya mchezo wa redio wa mwaka 1952 ambamo Bogart anacheza na Greer Garson katika nafasi ya Rose. Kitabu peke yake kinastahili gharama ya ziada, kwa sababu Hepburn anaandika kama anavyozungumza, kwa kasi na bila kujipamba, na CD inavutia hasa kwa kumsikia mwigizaji mwingine mzuri akimfanya Rose awe mpole kupita kiasi. Atakayeagiza DVD kutoka Marekani ahakikishe kwanza kwamba mashine yake inasoma za eneo la 1, maana nchi zetu ziko eneo la 5 na mashine nyingi za kawaida zitaikataa. Mwenye runinga kubwa na mashine ya Blu-ray achague Blu-ray, aithibitishe na muuzaji kwamba inachezeka huku, na azime taa zote za sebuleni kabla mashua haijafika kwenye maporomoko ya kwanza.